Kabla ya Honi ya Tatu

Meli itakushusha Custom alfajiri,
miguu bado inayumba kwa mawimbi ya usiku.
Vijana wa bodaboda watakugombania. Wakatae.
Bukoba ni mji mdogo, Mutalemwa;
ukiupita kwa pikipiki utaumaliza kabla hujauanza.

Umeniandikia: Shangazi, nina siku moja tu,
nielekeze vitu vya kale.
Vya kale! Mimi nina miaka sabini na minne
na hukuomba kuniona mimi.
Haya. Kwanza chukua mwavuli,
nimeuacha kwa Byabato, mlinzi wa geti.
Hapa mvua haipigi hodi,
inaingia kama mtu anayekudai.

Anzia makaburi ya Wajerumani, kule ufukoni.
Majina yao yameliwa na kuvu,
mbuzi wa jirani ndio wanaowazuru kila siku.
Soma jina moja tu, kwa sauti.
Asiyeitwa miaka mia hukosa usingizi.
Kisha ondoka. Si wako.

Fuata barabara ya maduka ya zamani
ukitazama juu, siyo madirishani:
kila duka lina mwaka wake kwenye paji la uso,
saruji iliyochongwa maua na watu
waliodhani wajukuu wao watairithi kaunta.
Kuna moja tarakimu yake imedondoka,
imebaki 19, halafu 4,
na katikati kiota cha mbayuwayu.
Baba yako alidai huo ndio mwaka aliozaliwa.

Kwenye daraja la Kanoni simama katikati.
Maji ni ya kahawia, hayana cha kujivunia.
Hapo ndipo kilipozama kiatu chake cha kulia,
akamaliza muhula na cha kushoto,
leo mguu huu, kesho ule,
akisema miguu yote ni watoto wa mama mmoja.

Njaa ikikushika, nyuma ya soko, kwa Ma Kokuleeba.
Ndizi na maharage, juu ya jani.
Kama senene wameshuka, kula kwanza, uliza baadaye.
Akikupa kahawa ya kutafuna
pokea kwa mikono miwili:
punje mbili, ganda moja.
Zamani watu walizipaka damu wakawa ndugu.
Wewe uliyezaliwa Dodoma, tafuna taratibu.

Kanisa kuu huwezi kulikosa.
Kisiwa cha Musira nacho kipo palepale majini
kama kofia iliyosahauliwa na mgeni.
Piga picha, najua utapiga.

Lakini hili moja lisikuponyoke.
Duka la Jivraji, la tatu kutoka kona ya posta.
Jivraji hayupo, mwanawe hayupo,
siku hizi wanauza kava za simu na makelele.
Ingia. Mwambie aliyepo kwenye kaunta
kwamba Rwechungura alikopa tyubu ya baiskeli
shilingi kumi na nane,
vita ikaja, akaenda,
akaoa mbali, akafa mbali,
na kila barua aliuliza:
Jivraji bado yupo?

Ningeweza kulipa mimi. Napita pale kila Jumamosi.
Sikulipa.
Nilikuwa namwekea sababu ya kurudi.

Kijana atacheka; mwache acheke.
Weka noti mezani, usidai chenji wala risiti,
na usisimame mlangoni ukingoja kujisikia vizuri.

Honi ya kwanza ni ya wenye mizigo,
ya pili ya wanaoaga.
Kati ya hizo mbili kuna muda wa chai kwangu.
Nyumba yangu haina mwaka kwenye paji,
ina mlango wa buluu na ngazi moja iliyovunjika,
utajikwaa, wote hujikwaa.
Mwavuli utauacha nyuma ya mlango.

Na kama umechelewa,
kama honi ya tatu imekukuta barabarani,
panda nao melini, uende nao.
Nitakudai.