Ukurasa wa Saba

Hukumu ina kurasa kumi na tisa.
Kila ukurasa nanakili kwa franka mia mbili,
mia tatu umeme ukikatika na jenereta ikaanza kukohoa.
Hapa mbele ya mahakama, Lubumbashi, mwezi wa kumi,
jakaranda zikimwaga maua hadi ndani ya trei ya karatasi,
hakuna anayenunua zote kumi na tisa.
Wote wanataka wa mwisho:
*Kwa sababu hizo, Mahakama…*
Sababu zenyewe wananiachia mimi.

Saa nne Bunge la Wima limekwisha kujaa.
Halina viti, kwa hiyo hakuna wa kung'olewa kitini.
Monga, fundi wa matairi, ameushika ukurasa wake
kwa ncha za vidole, mafuta yasiguse muhuri.
Saa arobaini na nane, anasema, ni saa arobaini na nane.
Katiba haikuandika "isipokuwa Jumapili."
Kalasa, aliyesoma sheria miaka mitatu ada ikamshinda,
anajibu kwamba saa ya sheria si saa ya mkononi,
ofisi ikifungwa, saa nayo inalala.
"Inalala wapi? Inajifunika nini?"
Muuza vocha anacheka mpaka anakosea chenji.
Mmoja anataka kujua majaji walikuwa wangapi.
Mwingine anataka kujua kwao ni wapi,
na mjadala unapinda kona ileile ya kila siku.

Mama Numbi alikuwa nyuma ya mashine yangu,
sufuria ya bukari mkononi, imefungwa kwa kitambaa,
mvuke umekwisha.
Umba wake walimchukua Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, kule Katuba,
kwa neno la jirani na pampu ya maji.
Leo Jumatatu.
"Nimehesabu," akasema. "Sitini na nne.
Hao wanagombania jumla. Mimi nataka hesabu yenyewe.
Ni wapi wameandika habari ya Jumapili?"

Nilijua. Kazi yangu si kusoma,
lakini macho hayana mlango.
Ukurasa wa saba, mistari mitano kutoka chini.
Nikamsomea, nikiutoa Kifaransa pole pole kama mwiba:
*uhuru wa mtu haufuati kalenda ya ofisi.*
Akanyamaza.
Akaomba nirudie.
Akasema, "Kumbe ni kafupi hivyo."

Nikaulaza kwenye kioo, taa ikapita,
na ule mstari mweusi, ugonjwa wa mashine yangu tangu Pasaka,
ukateremka katikati ya karatasi
ukalimeza lile neno dogo la kukana.
Sasa hukumu ilisema uhuru unafuata.
Nikanakili tena. Ukameza tena.
"Andika kwa kalamu," akasema.
"Mama, mkono wangu si wa jaji."
"Na mashine yako ni ya jaji?"

Niliandika. Herufi mbili, kwa wino wa buluu,
jasho likinitoka kama ninayeghushi hati ya kiwanja.
Na chini, pembeni, Kiswahili chote, kwa sababu aliomba:
polisi wa zamu, alisema, ni mtoto wa Kamalondo,
asije akajificha nyuma ya Kifaransa.
Akanyoosha noti ya mia mbili.
Niliipokea.
Naweza kusema niliikataa, nani angejua? Niliipokea.

Akaupachika ukurasa juu ya mfuniko, chini ya fundo,
usikunjike,
akashika njia ya Katuba kwa miguu
huku Kalasa akiinua kidole kuomba nafasi,
na Monga akimnyima, kwa mujibu wa kanuni
ambayo hakuna aliyewahi kuiandika.

Baadaye Monga alikuja mwenyewe, sauti imekauka.
"Huu wa mwisho unasema *kwa sababu hizo*. Sababu zipi?"
Nikainua kifuniko. Wa saba ulikuwa bado umelala kwenye kioo,
ua moja la jakaranda limebanwa juu yake.

Kengele ya shule ya masista ikapiga saa sita.
Sitini na sita.