Lipu Mbichi

Sechelela anasoma kwa sauti, mimi nachekecha mchanga.
Jumamosi hana shule. Amenifuata saiti, huku Mtumba,
kajikunyata kwenye kivuli cha rundo la tofali
na daftari la historia, kidato cha tano:
Matukio makuu, enzi ya rais wa pili wa Marekani.
Namsikiliza kwa sikio moja;
la pili liko kwenye saruji, isije ikanikazia.

"Vita vya baharini na Wafaransa," anasoma, "visivyotangazwa."
Vita gani hivyo visivyotangazwa?
"Kama wewe na baba mdogo, kuhusu lile shamba la alizeti."
Nachapa lipu ukutani. Sijibu.

"Sheria: anayeandika vibaya kuhusu serikali, jela.
Wachapa magazeti wakafungwa.
Mbunge mmoja akafungwa, akagombea akiwa gerezani,
akashinda."
Mnyukwa, juu ya jukwaa, akacheka
hadi mwiko ukamponyoka.

Kisha akafungua ukurasa mwingine,
akasoma polepole, kana kwamba anautafuta mtego:
makao makuu yalihamishwa.

Yakatoka mji wenye taa na maduka
yakaenda kwenye matope na visiki.
Mke wa rais alipotea msituni akiifuata nyumba yake,
na alipoifikia, ngazi kuu hakuna,
moto ukikokwa vyumbani ili kuta zikauke,
kuni zenyewe za kuhangaikia, na msitu umewazunguka.
Nguo alizianika ukumbini,
ukumbi wa kupokelea wageni wa heshima.

Hapo nikaweka ndoo chini.

Lipu mbichi naijua mimi.
Haina haraka, haijali cheo.
Ukihamia kabla haijakauka, inakunywa kifua chako.
Mwaka ule wizara zilipoletwa kutoka Dar,
karani mmoja, Mama Kemilembe, alipanga kwangu Ihumwa
chumba ambacho juzi yake tu nilikuwa nakisugua.
Akaanika kanga sebuleni, kwenye waya wa umeme
usio na umeme.
"Fundi," akaniambia, "upepo wenu huu
unatia mchanga mpaka kwenye usingizi."
Usiku nilimsikia akikohoa, akihesabu kwa sauti
miaka iliyobaki kustaafu.

"Mwaka huohuo," anasoma Sechelela,
"mtoto wao wa kiume alikufa. Pombe."
Akaruka mstari. Nikajua ameruka kwa ajili yangu.
Nikamwachia.

Tofali zake alifyatua nani? nikauliza.
"Za nani?"
Za nyumba hiyo. Mawe nayo, nani aliyavunja?
Akapekua. Kwenye daftari hakuna.
Akatoa karatasi iliyokunjwa, ya kutolea nakala, wino umefifia.
"Watumwa, Baba. Wengi walikodishwa.
Ujira ukaenda kwa mabwana zao."
Majina yao?
"Machache. Tena jina moja moja, bila la baba."

Mnyukwa hakucheka tena.
Kwetu Mpwapwa babu wa babu yangu aliiona misafara ikipita;
jina la mtu hata mmoja hakutuachia,
ametuachia idadi ya siku walizopita.

"Mwisho: alishindwa uchaguzi.
Habari za amani na Wafaransa zilichelewa kufika.
Siku ya kuapishwa mwenzake, saa kumi alfajiri,
akapanda gari la farasi, akaondoka kimya."
Kuta zilikuwa zimekauka?
"Haijaandikwa."

Msimamizi anapiga honi getini.
Jua la Dodoma limeshaanza kuinyonya kazi yangu,
nyufa nyembamba kama nywele, pale kona ya dirisha.

"Mwalimu anataka matukio matano," anasema.
Andika sita.
"La sita lipi?"
Andika: kuta zilikauka. Kuna mtu alikesha na ule moto.
Anafunga kalamu, ananitazama.
"Hilo halina maksi, Baba."
Najua.
Niletee maji.