Nje ya Ramani

Miaka mitatu tunautengeneza mchezo huu,
mimi na Danurwenda, chumbani juu ya duka la matairi,
hapa Klaten, ambako umeme hukatika
kila tunapokaribia kuhifadhi.
Yeye huandika msimbo. Mimi huchora.
Mshahara wetu ni tambi za pakiti na ahadi.

Kiwanda cha sukari nimekichora kutoka picha za zamani
mia mbili na kumi na saba, tulizoziagiza Uholanzi
tukazilipia moja moja,
kama mtu anayenunua meno yake mwenyewe.
Kila picha ina bomba la moshi. Kila picha ina meneja,
kofia nyeupe, mbwa miguuni,
na pembeni kabisa, pale mwanga ulipochoka,
bega la mtu, nusu ya kikapu, kisigino.
Bomba nimelipaka rangi tofali kwa tofali.
Mbwa nimempa jina.

Mchezaji ni karani kijana, Sastradimeja,
anayeandika daftarini uzito wa miwa na faini za watu.
Kitufe hiki, anaandika kweli.
Kile, anamfutia mtu senti mbili,
na usiku meneja anamwita, au hamwiti.
Miisho minne. Tukajiona tumefika mbali.

Jumapili nikampa Mbah Katiyem aujaribu.
Bibi yangu ana miaka themanini na tisa,
hata simu huishika kama kaa la moto.
Nikamwonyesha mishale: huku mbele, huku kushoto.
Karani akasimama mbele ya ofisi, anangoja amri.
"Mwongeleshe meneja," nikasema.
"Kwa nini?" akasema. "Yeye alishawahi kunisalimu?"

Akamgeuza karani. Akampitisha nyuma ya bomba,
nyuma ya ghala, nyuma ya reli ya matoroli,
hadi pale nilipoacha kuchora.
Hapo hakuna nyasi, hakuna anga,
weupe tu, kama karatasi ya mtihani usiojibiwa.
Danurwenda alisahau kuweka ukuta.
"Rudi, Mbah, huko hakuna kitu."

Hakurudi. Kidole kilichopindwa na baridi yabisi
kikaukandamiza mshale, kikaukandamiza,
na karani akatembea ndani ya weupe, hana kivuli,
nyayo zake zikikanyaga hewa.
"Hapa kisima," akasema.
"Hapana, songa. Hapa.
Hapa kwa Mak Giyarti, mlango wake gunia.
Hapa mfenesi wa kiwanda, mafenesi yalihesabiwa,
tukala mbegu zilizotupwa.
Hapa walimlaza mama, mkono ulipoingia kwenye kinu."

Akaachia kitufe.
Karani naye akasimama, akipumua
zile pumzi nne nilizomchorea,
kifua juu, kifua chini, juu, chini.
"Huyu kijana," akauliza bibi, "siku ile aliandika nini?"

Nikatafuta katika miisho yetu minne.
Katika daftari lenyewe, nililolisoma kwa kioo cha kukuzia,
kuna siku inayofanana na ile. Wameandika:
*mashine ilisimama, saa moja na nusu.*
Sikumwambia.
Chini dukani mtu alikuwa anagonga rimu.

Danurwenda alitaka kuweka ukuta usiku uleule.
Ni kosa la programu, alisema, dakika kumi tu.
Nikamwambia aliache.
Tukagombana, tukala tambi, akaliacha.

Sasa ninachora kutoka mgongo wa risiti ya dawa:
kisima ni duara, kwa Mak Giyarti ni pembe nne,
mfenesi umezidi nyumba zote ukubwa.
Mama ni mstari mmoja uliolala.

Mbwa wa meneja ana jina tangu mwaka juzi.
Nimemuuliza Mbah jina la mama yake.
Amesema anafikiria kwanza
kama atatupa.