Silinda ya Nne

Injini ile hainywi maji.
Hunywa upepo, na oili,
ndiyo maana haina siri.
Magari mengine yamevaa koti la maji kifuani,
sauti inazama humo kama jiwe kisimani.
Hili la baba lilikuwa mapezi matupu ya chuma:
kilichotendeka tumboni, mtaa wa pili ulisikia.

Injini ilikaa nyuma,
kwa hiyo gari lilikuja kimya, likaondoka na maneno.
Kwanza feni, mluzi mwembamba, mkavu;
kisha vali, cherehani kumi na mbili chumba kimoja;
na chini ya yote ekzosi, ikikohoa changarawe.
Likipanda mlima, gia ya tatu, mizunguko elfu tano,
kikohozi kiliungana kikawa kitambaa,
kitambaa kikachanika
kutoka pindo hadi pindo.

Mimi nilikuwa mshika taa.
Miaka kumi na mmoja, karakana chini ya milima ya Alb,
theluji mlangoni, baba chali sakafuni:
"Hiltrud, mwanga. Si hapo. Hapo."
Kaka yangu Volkmar alipewa spana.
Mimi nilipewa taa, na masikio
ambayo hakuna aliyekumbuka kuyatuma nje.
Sikio halipiti kichwa, husema watu.
Langu lilipita.

"Vali inayopiga kelele ina nafasi ya kupumua,"
alisema baba, akipangusa vidole,
"sehemu ya kumi ya milimita, basi.
Ogopa iliyonyamaza.
Iliyonyamaza inaungua."

Majira yake ya mwisho ya baridi alinyamaza yeye.
Tulisema: anapumzika.
Hata mimi nilisema.

Volkmar aliliuza gari kabla udongo wa kaburi haujashuka,
kwa daktari wa meno wa Ulm, Wendelin Zaiser,
mtu wa soksi za zambarau.
Sasa kila Jumapili, tangu theluji iishe, hupita kwangu.
Geti la reli likishuka, husimama hapo,
injini ikinguruma taratibu,
akisubiri treni ya saa nne na dakika kumi.
Mimi namenya viazi, dirisha wazi.
Sihesabu. Masikio ndiyo yanayohesabu.
Kumi na mbili. Kumi na mbili.

Jumapili ya tatu ya Mei: kumi na moja.

Nilitoka na kisu cha viazi mkononi.
Akapandisha kioo.
Nikagonga.
"Zima. Silinda ya nne, vali ya kutolea moshi."
Akacheka, kioo nusu. "Bibi, halijawahi kutulia hivi.
Sikiliza lilivyo laini."
"Wewe ni daktari wa meno. Jino linalouma, je?"
"Lina uhai."
"Na lililoacha kuuma ghafla?"
Treni ikapita katikati ya swali.
Geti likapanda. Wa nyuma wakapiga honi.
Hakuondoka.

Vali hupimwa injini ikiwa baridi,
kwa hiyo gari lililala karakanani, mara ya kwanza baada ya miaka sita.
Nilikaa nalo gizani, juu ya ndoo.
Bati lilipoa kwa vidoko vidogo, ti, ti,
kama mtu anayetaka kusema jambo
na kulirudisha.
Safari hii sikuenda kulala.

Alfajiri nikafungua kifuniko.
Jani la kipimio cha baba halikupenya.
Zaiser alikuwa amepiga magoti katika suruali yake safi.
"Mwanga," nikamwambia. "Si hapo.
Hapo."

Liliwaka. Cherehani zote.
Akatoa pochi, akauliza deni.
Nikamwambia: ukifika kona ya kanisa,
usiwahi gia ya nne.
Iache ichane.