Debe la Mawese

Daftari la liwali limeliwa na mchwa pembeni,
lakini mwezi wa Rajabu bado unasomeka:
chumvi ya Uvinza, mifuko minne, jikoni;
mkeka wa msikiti, mmoja, wa zamani umetobolewa na magoti;
mawese, debe moja, nyumba ya miungu ya Wabaniani.
Shaabani: mawese, debe moja.
Ramadhani: mawese, debe moja.
Mwandiko ni uleule wa babu yangu, karani Mrisho Kitenge,
herufi zimesimama wima kama watu wanaohesabiwa.

Nikadhani ni deni.

Bibi Asumini alicheka hadi ushungi ukamdondoka.
"Deni! Nani Ujiji hii angethubutu kumdai Msabaha bin Feruzi?"

Walikuja Wabaniani watatu, akasema, mbele yao Vithaldas wa kaniki,
wakaomba kiwanja, hatua ishirini tu,
wapate pa kuweka taa yao.
Liwali akavua makubadhi, akayashika mkononi,
akapima mwenyewe, kwa nyayo zake, kule nyuma ya Kasingirima.
Ishirini ikafika, hakusimama.
Alisahau, au alijifanya kusahau.
Arobaini.
Karani akaandika arobaini.

Kisha likaja suala la dagaa.
Ukuta ulipopanda, wachuuzi waliona anikio zuri lisilo na mchanga,
na Wabaniani, wasiokula hata yai,
wakawa wanaomba huku wameziba pua.
Liwali akapiga marufuku: upande ule, hata dagaa mmoja.
Mama yake Asumini alihamisha majamvi saba kichwani,
akimtukana liwali kwa Kimanyema, njia nzima,
maana huko hakuwa na hofu ya kueleweka.

Usimfanye malaika, akaniambia.
Huyohuyo alimfunga mjomba wangu kwa kodi ya kichwa,
siku tisa, akatoka na kikohozi asichopona.
Andika na hilo.

Naandika.

Halafu gari moshi likamshusha Bawa Ramgiri,
majivu mwili mzima, nywele kama kamba za kisimani,
kitu chake ni kibuyu na fimbo, basi.
Watoto wakakimbia hadi Buzebazeba.
Liwali akampelekea maziwa, asubuhi na asubuhi,
akaenda kumsikiliza, akakaa chini, kwenye vumbi,
ingawa hawakuwa na lugha moja, ila Kiswahili cha sokoni.
Walizungumza nini? Hakuna ajuaye.
Babu hakuandika. Maneno hayakuwa na bei.

Ijumaa moja mtu akasimama msikitini:
"Liwali, unawashia masanamu taa kwa mafuta yetu?"
Liwali akavaa makubadhi yake, akaenda zake.
Jibu nimelikuta kwenye daftari, mwezi uliofuata:
mawese, madebe mawili.

Na Ramadhani ile, bila kuagizwa na yeyote,
Bawa alikaa barazani kwa liwali tangu alfajiri,
hakugusa maji, hakugusa kibuyu.
Adhana ya magharibi ilipolia,
liwali, midomo imekauka kama ganda la muhogo,
alimpa mgeni kikombe kwanza.
Ramgiri akakipokea kwa mikono miwili,
akakirudisha.
Kikaenda, kikarudi, uji ukapoa.
Watu wakaanza kunung'unika kwa njaa.

Leo kina Vithaldas hawapo, duka ni la vocha na vipodozi.
Ufunguo wa ile nyumba umebaki kwetu, umefungwa kwa uzi wa kaniki,
kila aliyekufa alimwachia aliyefuata
pasipo wosia, kama mtu anavyoachiwa mbuzi wa jirani.

Jana nilipanda hadi soko la Mwanga.
Nikafungua mlango, nikafagia kinyesi cha popo,
nikamimina, nikasokota utambi kwa kipande cha khanga.
Sikusali pale. Si kwangu.
Taa ikashika, ikanukia mboga za nyumbani.
Nikafunga, nikaiwahi alasiri.

Usiku nikatafuta ukurasa mweupe mwishoni mwa daftari,
nikaandika chini ya babu, mwandiko wangu umelala kidogo:
mawese, chupa moja ya soda.
Bei imepanda.