Nguo Zinazopanda

Kwa watu nguo hushuka:
mkubwa akikua, mdogo hurithi.
Kwetu Isevya zinapanda.
Gauni la Kalunde, wa miaka minne,
lilipombana kwapani mwezi wa mfungo
nililifua, nikalipiga pasi,
nikampa dada yake Nyamizi, wa miaka saba.
Likamtosha. Likabaki na nafasi.

Mimi ni fundi. Futi iko shingoni tangu asubuhi.
Napima viuno vya maharusi, mabega ya walimu,
nachora kwa chaki, nakata, nakosea mara chache.
Huyu wa kwangu nimeacha kumpima.
Kitete wanampima. Wana mizani ya kuning'inia,
yenye kaptula ya turubai, miguu inatokea chini,
na mara ya mwisho alimwambia nesi,
"Mimi si kilo ya nyama."

Kadi ina kijani, kijivu, nyekundu.
Nukta zake zinatembea chini ya zote,
lakini zinatembea.
Nesi mgeni hutazama kadi, kisha hunitazama mimi:
"Mama, nyumbani mnakula nini?"
Tunakula, nesi. Ugali, mlenda, karanga,
asali ambayo baba yake huileta kutoka Sikonge.
Chakula kipo. Njia ndiyo nyembamba.

Kijiko hamkijui. Mnadhani mnakijua.
Mdomo umefungwa kama duka la mfiwa.
Nasubiri. Nadanganya kwamba ndicho cha mwisho.
Cha kwanza kimeingia.
Cha pili amekihifadhi shavuni
mpaka treni ya Mpanda imepiga honi.
Cha nne kilirudi na wenzake wote watatu
juu ya kitambaa cha mteja, cha harusi ya Jumamosi.
Siku hiyo nililia, nikakililia kitambaa,
maana kitambaa kina bei, ningeweza kuitaja.

Mwaka wake wa kwanza tulimlisha kwa mpira wa puani:
bomba la sindano, mililita kumi, pumzika, kumi tena,
saa nane za usiku, tochi ya simu nimeiuma kwa meno.
Wifi yangu Mwashi alisema karogwa.
Mke wa jirani akasema tumembemenda.
Neno hilo lililala kitandani kwetu, katikati,
karibu mwaka mzima,
hadi daktari wa Bugando alipoandika jina refu la ugonjwa
akasema mtoto kazaliwa nao, hakuna aliyekosa.
Mume wangu aliikunja ile karatasi mara nne
akaiweka kwenye pochi, pamoja na kitambulisho chake.
Ipo mpaka leo. Imechanika kwenye mikunjo.

Januari tulikwenda kumwandikisha.
Mwalimu, mtu wa mambo ya zamani, akaacha cheti cha kuzaliwa mezani
akasema: pitisha mkono juu ya kichwa,
gusa sikio la upande wa pili.
Mkono ukaishia utosini.
Watoto waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na mzazi mmoja.
Nyamizi akafikiri.
Akalaza kichwa begani, kabisa,
sikio likapanda juu kuufuata mkono.
"Nimegusa."
Mwalimu akamtazama kwa muda, akachukua kalamu.

Sare sikununua; saizi hiyo haiuzwi.
Nimemshonea kwa masalio ya sare za wenzake,
na pindo la sketi nimelikunjia ndani, inchi nne.
Fundi Mihayo wa kibanda cha pili anasema napoteza kitambaa.
Huenda.

Juzi vijiko saba. Jana viwili, na kelele.
Leo karudi shule, vumbi mpaka kwenye nyusi,
na mfukoni ana mchembe mmoja
uliong'atwa pembeni.
Sikumuuliza ni meno ya nani.