Barua ya Mwenye Kwanza

Misimu mitatu nilifunga mkanda.
Chai bila sukari, futari bila nazi,
nikapuliza salfa, nikaokota, nikaanika,
hadi malipo ya pili ya korosho yalipoingia
nikapanda basi kwenda Mtwara
na kurudi Newala nashika usukani.

Jeupe. La mkono wa pili, au wa tatu, nani ajuaye.
Kwenye kizuia-jua kuna kibandiko cha maandishi ya kwao,
vistari na vijumba kama ua la mkeka.
Sikukibandua. Nilidhani ni dua.

Juzi mpwa wangu Likwati, karani bandarini,
kanipigia: "Shangazi, nisomee namba ya chesisi."
Nikafungua boneti, nikafuta vumbi jekundu kwa upindo wa kanga,
nikamsomea moja moja, kama namba za vocha.
Akanyamaza. Nikadhani salio limekwisha.
"Imo," akasema.

Kumbe kiwanda kiliita.
Miaka sita nyuma kiliyaita magari haya yarudi nyumbani:
kifungio cha mkanda wa mbele kina kasoro,
kinalia kama kimeshika, na hakijashika.
Barua ikaandikwa kwa adabu, ikatiwa stempu,
ikaenda kwa mwenye kwanza, mji wa theluji.
Akaisoma amesimama mbele ya banda tupu.
Gari lilikuwa melini.
Liliitwa kwa namba yake kamili
na hapakuwa na wa kusema abee.

Klik.
Mwaka mzima mlio ule ulinituliza.
Mama akiketi kushoto, namvutia mkanda kifuani,
klik, haya, tunashuka mteremko wa Masasi
kona kwa kona, naye anavihesabu vilima vya bondeni
kana kwamba kimoja kitaibiwa.
Leo nimeuvuta kwa mkono mmoja tu.
Umetoka kama jino la mtoto.

Fundi Nandonde akakigeuza, akakipuliza, akacheka:
"Nikushonee kwa uzi wa magunia. Hautatoka hata kwa shoka."
Na mama akitaka kutoka, gari linawaka moto?
Akaacha kucheka.
Kifaa chenyewe, akasema, hapa hakuna.
Labda Dar. Labda huko huko kwenye theluji.

Basi mama anakaa nyuma, mikanda ya nyuma mizima.
Amenuna. Anasema nimemfanya mzigo,
na toka nyuma kilima cha tatu hakionekani.

Jana Masasi trafiki akanisimamisha.
Akachungulia: mkanda umepita kifuani, mweusi, umenyooka.
"Safi, mama. Safari njema."
Ulimi ulitaka kusema. Nikawaza faini,
nikawaza salfa ya mwakani,
nikasema asante, afande.
Hili sijamwambia hata Likwati.

Usingizi haukuja. Nikawa nayahesabu, kama mama na vilima vyake:
meupe mangapi mji huu, pacha wa langu?
La mwalimu Chilumba. La Bi Sharifa wa duka la dawa.
La yule kijana wa Kitangari anayepeleka wajawazito Ndanda,
wengine kwa mkopo, wengine bure,
na kila mmoja anamfunga kwanza, taratibu, chini ya tumbo,
anasikiliza,
klik,
ndipo anaondoka.

Barua haina miguu. Mimi ninayo,
ingawa goti la kulia linalalamika.
Kumepambazuka, ukungu bado umekalia mabati.
Nina daftari, kitambaa, na namba alizonitumia Likwati,
ya kuanzia na ya kuishia.

Hodi, mwalimu.
Hodi tena.
Ni Somoe, Somoe Nampoto.
Si deni, wala si msiba, usivae kanzu.
Njoo na ufunguo.
Fungua boneti.